Tangi Ambalo Halikupasuka

Wahenga walisema ajali haina kinga. Nimelisikia neno hili mazikoni, hospitalini na kando ya barabara, na huko kote lilinifaa, maana aliyefikwa na msiba hahitaji hesabu, bali faraja. Lakini nimelisikia pia karakanani kutoka kwa mafundi wenzangu, na siku moja likatoka kinywani mwangu mwenyewe, na hapo sikulipenda hata kidogo. Nayaandika haya kwa sababu ya matangi mawili madogo ya maji niliyoyatengeneza kwa mikono yangu. La kwanza nililitengeneza vibaya, nami nikijua, nalo halikumdhuru mtu. La pili nililitengeneza vizuri kadiri ya uwezo wangu, na mtoto wa watu akaungua. Kwa miaka mingi nimejiuliza: kati ya mawili hayo, ni lipi ninalodaiwa?

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Karakana yangu ilikuwa Changamwe, Mombasa, na riziki yangu ya kila siku ilikuwa mageti, madirisha na chesi za malori zilizopasuka. Lakini raha yangu ilikuwa alumini. Chuma humvumilia fundi, alumini haimvumilii. Yenyewe huyeyuka kwenye joto la nyuzi 660, lakini ile ngozi nyembamba inayoifunika haiyeyuki mpaka kiasi cha nyuzi 2,000 na zaidi. Asiyejua huendelea kuikoleza moto akingojea uso wake ulainike, kumbe ndani kumekwisha kuwa maji, na mara kazi yote humdondokea miguuni. Wachache mjini waliiweza kazi hiyo wakati ule, na mimi nilijulikana kuwa mmoja wao. Jina hilo la kujulikana ndilo lililoniponza, kama msomaji atakavyoona.

Mwaka 2011 alinijia kijana mmoja ambaye marehemu baba yake alisoma nami, na kwa hiyo akiniita Ami. Alikuwa na Toyota Corolla ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, lile gari ambalo Wakenya wengi hulijua kwa jina la DX. Injini yake ya asili ilikuwa ya lita 1.3, injini ya upole, ya kumpeleka mwalimu shuleni na kumrudisha. Kijana aliing'oa akaweka nyingine ya Toyota, ile iitwayo 4A-GE, ya lita 1.6 na vali 16, yenye nguvu karibu maradufu. Alitaka kwenda kushindana Nairobi katika mbio za uwanja wa vumbi. Injini ile aliitoa katika Corolla ya baadaye, ambayo huvutwa kwa magurudumu ya mbele na injini hukaa kwa upana wa gari. Ndani ya DX injini hukaa kwa urefu. Ilipogeuzwa, mdomo wake wa kutolea maji ya moto ukawa unautazama ukuta ulio mbele ya miguu ya dereva, na rejeta mpya iliyokuwa pana ikabidi ilazwe chini ili boneti ifunge.

Asiyekuwa fundi huenda akadhani kuwa hilo ni jambo la mipira tu: unganisha huku, zungusha kule, basi. Sivyo. Mafundi hukadiria kuwa theluthi moja hivi ya joto la petroli hugeuka nguvu ya kuliendesha gari, theluthi nyingine hutoka na moshi, na theluthi iliyobaki huchukuliwa na maji. Ukiongeza nguvu, umeongeza na mzigo wa maji. Tena maji hayo hayatakiwi kuwa na hewa. Rejeta ikiwa chini kuliko injini, hewa hukimbilia mahali palipo juu zaidi, yaani kichwani mwa injini, penye moto mkali kuliko pote. Chuma kisichoguswa na maji hapo huungua, na kipima joto chaweza kumwambia dereva kuwa mambo ni shwari kwa sababu nacho kimekaa ndani ya hewa. Wengi wamepasua kichwa cha injini huku mshale umetulia katikati.

Dawa yake ni tangi. Huwekwa juu kuliko kitu chochote kingine katika njia ya maji, ili hewa iwe na mahali pa kwenda na isirudi. Nililichora kwa chaki sakafuni: silinda ya alumini yenye kipenyo cha sentimita 12 na urefu wa sentimita 25. Maji ya moto yaingie ubavuni kwa mshazari, ili yazunguke kama maji ya kisima yanayokorogwa. Maji mazito yashike ukutani, mapovu yakusanyike katikati na kupanda juu. Vijibomba viwili vyembamba vilete hewa kutoka kichwa cha injini na kilele cha rejeta. Chini litoke bomba nene la kuyarudisha maji kwenye pampu. Juu ubaki wazi mfuko wa hewa, kwani maji yakipata joto kutoka baridi ya kawaida hadi nyuzi 100 huvimba kwa kiasi cha asilimia 4, na katika gari la lita 8 hiyo ni theluthi moja ya lita ambayo lazima ipate pa kukaa.

Kijana aliuliza kwa nini nisimtengenezee sanduku la pembe nne, lipendeze na kukaa vizuri kwenye kona. Nikamweleza kuhusu mfuniko. Mfuniko wa rejeta huyabana maji kwa makusudi ili yasichemke upesi. Huku kwetu pwani maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 100, lakini Nairobi, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600, huchemka kabla ya kufika 95. Mfuniko wa kanieneo ya 0.9 huyafanya yavumilie hadi karibu 116 hata huko juu. Lakini kanieneo hiyo haisukumi mfuniko peke yake. Bamba bapa la sentimita 20 kwa 25 husukumwa kwa nguvu ya uzito wa zaidi ya kilo 450. Bamba la namna hiyo hutuna na kunywea kila safari, mpaka mshono uchoke. Silinda haichoki haraka, maana duara hugawana mzigo. Kijana alinisikiliza kama mwanafunzi, akasema, "Wewe ndiye mjuzi, Ami. Fanya uonavyo."

Msomaji, maneno hayo yashike. Aliniambia nifanye nionavyo kwa sababu yeye hakuwa na macho ya kuona.

Ilikuwa Ijumaa. Gari lilipaswa kupanda Nairobi alfajiri ya Jumamosi na kushindana Jumapili. Nilichoma mshono mrefu wa silinda, nikachoma vijibomba, nikachoma kifuniko cha juu. Nilipofika kwenye kitako, nusu ya mzunguko ikiwa imebaki, kiasi cha shubiri moja, fito za kujazia zikaniishia. Nilikuwa nikitumia fito zenye silikoni, zinazofaa kwa kazi ya joto. Maduka yalikuwa yamefungwa. Ndani ya kabati nilikuwa na fito za aina nyingine, zenye magnesi nyingi, ambazo nilizitumia kwa ngazi za mashua na reli za madirisha. Fito hizo ni imara, pengine kuliko zile za kwanza. Ila kila fundi wa alumini aliyefundishwa anajua onyo lake: zisitumike mahali patakapokaa muda mrefu katika joto linalozidi nyuzi 65. Katika joto hilo, mshono unaovutwa siku nenda siku rudi waweza kuanza kupasuka kutoka ndani, polepole, bila kutoa dalili. Si kwamba lazima utapasuka. Waweza. Na maji ya injini hukaa kwenye nyuzi 90.

Nilisimama pale kiasi cha dakika tano. Kisha nikavaa kinyago nikamalizia.

Jambo la kuchekesha ni kwamba nusu ile ya pili ilitoka nzuri kuliko ya kwanza, nyeupe na yenye kung'aa, na kijana alipokuja usiku aliigusa kwa kidole akaisifu. Tulilijaza tangi maji, tukalifunga, tukalisukuma kwa pampu ya mkono hadi kanieneo ya 1.5, tukalingoja nusu saa. Halikutoa hata tone. Kipimo kilisema kweli, lakini kilikuwa kipimo cha nusu saa na cha maji baridi; hakikuweza kusema lolote kuhusu miaka minne ya joto. Mimi ningeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja tu: "Mwanangu, kimbia nalo Jumapili, kisha niletee nilibadilishe kitako." Sikuisema. Alinilipa, akaniamkia, akaenda zake.

Yaliyofuata ni mafupi. Hakushinda, ila injini haikuchemka. Alishindana mwaka ule na uliofuata, akapanda na kushuka njia ya Nairobi mara nyingi, na tangi halikuvuja. Kila aliponiletea wateja aliwaonyesha tangi lile, nami nikatabasamu.

Tangi la pili lilikuwa la mwaka 2013. Mchuuzi mmoja aliyekuwa akileta samaki Mombasa kutoka Kilifi alikuwa na Land Rover kuukuu, aliyoitia injini ya dizeli ya Toyota. Mahitaji yalikuwa yaleyale: rejeta chini, injini juu, hewa imekosa njia. Safari hii sikuwa na haraka. Nilinunua fito za kutosha, nikasugua kila ukingo kwa brashi safi, nikalipima tangi mara tatu. Lilikuwa tangi bora kuliko yote niliyopata kutengeneza. Miezi mitano baadaye, karibu na Vipingo, mkanda wa feni ulikatika. Dereva alisimama. Utingo wake, kijana wa miaka 19, akachukua kitambaa akafungua mfuniko.

Maji yaliyozidi nyuzi 100 hukaa kuwa maji kwa sababu tu yamebanwa. Mfuniko ukitoka, sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo na kuyarusha yaliyobaki. Aliungua kuanzia kiganja hadi juu ya kiwiko, na upande mmoja wa shingo. Nilipopata habari nilikwenda hospitali, na njiani nikajikuta nikisema moyoni: ajali haina kinga. Hapo ndipo neno lile lilipotoka kwangu. Mama yake alikuwa ameketi kando ya kitanda akimpepea kwa kipande cha boksi. Aliniuliza, "Wewe ndiye uliyelitengeneza?" Nikamjibu, "Ndimi, mama." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Pole na wewe, baba. Umekuja." Kijana alipona, ingawa alama anayo. Hakuna aliyenilaumu. Tangi lilifanya kazi yake, na sheria ya kutofungua mfuniko wa moto inajulikana na kila dereva. Pamoja na hayo, kwa wiki nyingi nilikosa usingizi kwa ajili ya tangi lile zuri, wakati lile baya halikuwa limeninyima usingizi hata usiku mmoja.

Hilo ndilo lililonishtua. Moyo wangu ulikuwa ukifuata damu, haukufuata haki.

Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa chuo kikuu, aliniambia kuwa jambo hilo limewashughulisha watu kabla yangu. Mwaka 1976 Bernard Williams, Mwingereza, na Thomas Nagel wa Marekani waliliandikia kila mmoja kwa upande wake, wakaliita bahati katika maadili. Williams alitoa mfano wa dereva wa lori aliyemgonga mtoto bila kosa lolote. Sote tungemwambia kuwa si kosa lake, lakini tungemshangaa kama angetuamini upesi mno na kwenda kunywa chai. Nagel naye aliwazungumzia wale wasiokagua breki zao. Wawili wamezembea sawasawa. Mmoja anakutana na mtoto barabarani, mwingine hakutana na mtu. Wa kwanza ataitwa muuaji maisha yake yote, wa pili hata hajui kuwa alikuwa na la kujibu. Binti yangu alinieleza haya akidhani tunazungumza elimu. Hakujua kuwa alikuwa akinisomea mashtaka.

Hebu tujiulize, basi. Je, matokeo ndiyo yanayolifanya tendo kuwa ovu? Sheria za nchi nyingi, yetu ikiwamo, humwadhibu kwa ukali zaidi dereva aliyeua kuliko aliyeendesha vilevile na asimguse mtu. Siilaumu sheria. Sheria haina macho ya kuingia karakanani usiku wa Ijumaa. Hushika kinachoonekana, na maiti huonekana. Lakini dhamiri haina udhuru huo. Mimi nilikuwapo. Mimi niliona fito niliyoishika. Kama nangojea mtu aungue ndipo nijue kuwa nilikosa, nitakuwa nimeigeuza ngozi ya mwenzangu kuwa kipimo changu.

Wapo watakaosema: kosa lisilomdhuru mtu si kosa. Nilijaribu kujifariji hivyo, na faraja haikudumu, kwa sababu kijana yule alidhurika siku ileile ya kwanza. Nilimnyang'anya uamuzi wake. Pengine angesema, "Haidhuru, Ami, nitalileta Jumatatu." Pengine angeacha kwenda. Hiari ilikuwa yake, kwani kiti cha dereva kilikuwa chake na mwili uliokaa nyuma ya ukuta ule ulikuwa wake. Fito haikuwa dhambi. Mafundi huishiwa na vitu. Dhambi ilikuwa kimya, na kimya kile sikukifanya kwa ajili yake wala kwa ajili ya mbio zake. Nilikifanya ili nisisikike nikisema kuwa mimi, bingwa wa alumini wa mji mzima, niliishiwa na fito.

Hata hivyo siwezi kusema kuwa matokeo si kitu. Ningesema hivyo ningekuwa mwongo mbele ya yule mama aliyekuwa akipepea kwa boksi. Naona kuna mambo mawili ambayo lugha yetu hutusaidia kuyatenganisha tukiwa watulivu: kosa na deni. Kwa utingo yule sikuwa na kosa, lakini nilikuwa na deni, kwa sababu kazi iliyomuunguza ilitoka mkononi mwangu. Deni hilo hulipwa kwa kwenda, kuketi, kusaidia dawa, na kujifunza. Tangu siku ile sikutoa tangi bila kuligongea herufi ubavuni, USIFUNGUE LIKIWA LA MOTO, na mifuniko niliyoitumia ilikuwa ya kishikizo, ambayo huachia mvuke kwanza. Kwa kijana wa DX nilikuwa na kosa, na deni lake lilikuwa gumu zaidi kwa sababu hakuna aliyelidai.

Mwaka 2016 alikuja kunieleza kuwa ameliuza gari, na mnunuzi angelichukua wiki ile. Nikaona kuwa kimya changu sasa kitauzwa pamoja na gari, kimfikie mtu nisiyemjua. Nikamketisha, nikamweleza yote: fito, saa, mahali mshono ulipobadilika. Alinitazama, kisha akacheka cheko la mtu aliyetarajia habari mbaya akaletewa hadithi. "Lakini Ami," akasema, "si halikupasuka?"

Alinisamehe kwa kicheko, na kicheko kile ndicho kilichonichoma kuliko lawama, kwani niliisikia humo hoja yangu mwenyewe ya miaka mitano. Nikamwambia alilete gari. Nililing'oa tangi, nikatengeneza jingine kwa fito sahihi tangu mshono wa kwanza hadi wa mwisho, nikaligongea herufi, sikutaka hata senti. Mnunuzi alichukua gari akijua.

Lile la zamani lilibaki mezani. Msaidizi wangu alileta msumeno, akasema tulikate kitako tutazame ndani kama mshono ulikuwa umeanza ufa. Nilishika msumeno, kisha nikauweka. Nilijua kitakachotokea. Nikikuta mshono mzima, nitajisamehe. Nikikuta ufa, nitajihukumu. Na usiku ule wa Ijumaa utakuwa uleule, na fito ileile, na sentensi ileile isiyosemwa.

Sasa nimeacha kazi, na karakana anayo huyo msaidizi. Tangi lipo kwangu, rafuni, halijakatwa. Wajukuu huniuliza ni la nini, nami huwaambia ni tangi la gari ambalo halikupasuka. Wakikua kidogo nitawaeleza yaliyobaki.